Muulize Mjomba: Mvinyo wa Bibi na Baba Mdogo Anayetaka Jina la Kifaransa

Mbukwenyi nyote! Barua zimekuwa nyingi, nimechukua tatu tu manake ya kwanza imenila nafasi karibu yote, na sijutii, ni kitu ambacho mi mwenyewe nilikuwa nasubiri mtu aniulize.

SWALI: Shikamoo Mjomba. Mi ni kijana wa miaka 31, niko Mpunguzi. Bibi yetu alikuwa anatengeneza mvinyo wa choya (rozela) na wa ubuyu hapa nyumbani, watu walikuwa wanatucheka ati wapi mmeona mvinyo wa ubuyu, lakini kwenye harusi na kipaimara unaisha kabla ya soda. Baadaye tukaongeza wa zabibu maana shamba la ekari mbili lipo. Sasa bibi amechoka, katuachia sisi, tumepata vibali, tumejenga banda zuri lenye baraza tunataka liwe chumba cha kuonjea, mgeni aje akae aonje akipenda anunue. Shida ni baba mdogo. Anataka tuache choya na ubuyu kabisa, tubadili jina tuweke la Kifaransa, tuagize mapipa ya mbao kutoka nje, anasema mheshimiwa mbunge hawezi kuja kuonja vitu vya bibi. Mi naona kama tunamfuta bibi. Alafu hatujui kuonjesha ni bure au tutoze. Na wageni wa majaribio walionja ule mweupe wakasema umechacha, wakati ni mzima kabisa! Tufanyeje? (Mjukuu wa Bibi, Mpunguzi)

JIBU: Marahaba mpwa wangu. Kwanza baba mdogo usigombane nae, huyo ni baba yako, na kuna sehemu yuko sahihi nitakuja huko. Ila kwenye jina hapana. Mgeni akishuka kwenye treni ya SGR kutoka Dar siku hizi, masaa matatu na ushee ameshafika, hajaja Dodoma kutafuta Ufaransa, amekuja kutafuta Dodoma, sasa akikuta kibao kimeandikwa Shato sijui nani atakuuliza hii ni tawi la wapi, na we utajibu nini?

Na kama baba mdogo anataka asili ya Ulaya mwambie ipo tayari, tena hapo jirani. Zabibu hapa kwetu zililetwa na mapadri wa Kitaliano wa misheni ya Bihawana, walikuwa wanataka divai ya misa, wakakuta udongo na jua vinakubali. Lakini angalia kilichotokea baada ya hapo, ile zabibu nyekundu iliyoshika kwa wakulima tunaiita Makutupora, jina la hapa hapa kaskazini mwa mji walipo wale watafiti wa kilimo wa TARI, hakuna aliyeona aibu nalo. Mbegu za wenzetu zipo pia, Chenin Blanc ile nyeupe, Syrah, na kule Hombolo Wataliano walileta hata Teroldego na Aglianico, zikakubali. Kwa hiyo ugeni wa mbegu haujawahi kuwa tatizo Dodoma, tatizo ni kuona haya ya nyumbani.

Sasa nikupe kitu ambacho ningekuwa mi ndo mwenye hilo banda ningekifanya siku ya kwanza kabla hata ya kununua viti.

Kule Ulaya mzabibu unalala wakati wa baridi, wanavuna mara moja kwa mwaka basi, mvinyo wa mwaka fulani ni mmoja. Kwetu mzabibu haulali. Sisi tunaulazimisha kwa mkasi, unapogoa, unachipua, baada ya miezi minne hivi unavuna, alafu unapogoa tena, ndo maana tuna mavuno mawili, ya Februari na Machi na yale ya Agosti na Septemba. Na we mkulima unajua hayafanani hata kidogo! Ya masika zabibu imekunywa maji, sukari iko chini, ukungu unakusumbua unapulizia dawa mpaka mgongo unauma, ya kiangazi jua limeipika, usiku kuna baridi, sukari imepanda, ukiitafuna inanata vidoleni. Sasa chukua Makutupora ya shamba hilo hilo la ekari mbili, mwaka huo huo, mkono huo huo uliotengeneza, weka glasi mbili mezani, hii ya masika hii ya kiangazi, usiseme kitu, acha mgeni aonje mwenyewe. Mpwa wangu hiyo meza baba mdogo hawezi kuinunua Ufaransa hata akiuza ng'ombe wote. Mbunge atakuja, tena atakuja na wenzake, wako hapa kuanzia Aprili mpaka mwisho wa Juni kwenye bajeti na jioni hawana pa kwenda.

Ila hiyo itakulazimu uache kuchanganya matenki, manake najua wengi wetu mchuzi wa zabibu, yaani mvinyo ambao bado haujaingia kwenye chupa, ukibaki nusu tenki unamiminia wa msimu mwingine ili ujae. Tenganisha, andika kwa makapeni tarehe ya kuvuna. Na tenki lisibaki nusu, si kwa sababu ya uzuri, ni kwamba hewa ikikaa juu wale bakteria wa siki wanapata nafasi, ndo hapo kweli unachacha. Hamishia kwenye vyombo vidogo vijae mpaka juu.

Hapo hapo tuongelee ule mweupe wenu. Haujachacha, ni drai. Yaani hamira imekula sukari yote imebaki asidi na ladha ya tunda, ndivyo inavyotakiwa, lakini mtu wa hapa amezoea dompo, ule mvinyo mtamu, ulimi wake unasubiri utamu, utamu usipokuja anasema imeharibika. Mi yalinikuta ukweni. Nilibeba chupa ya mweupe drai nikijiona mstaarabu, mama mkwe akaonja kidogo akaiweka chini taratibu, akasema "baba, hii itafaa kwenye kachumbari". Mpaka leo nikifika ananiuliza kama nimebeba siki.

Dawa yake ni mpangilio tu. Usimpe drai mdomo mtupu mtu asiyejua. Najua wataalamu wanasema mweupe kwanza alafu mwekundu, drai kwanza alafu tamu, na ni kweli kwa ulimi uliozoea manake ukianza na tamu, drai inaonekana kali. Lakini mpe kwanza karanga za chumvi, zetu hizi za Dodoma, atafune, chumvi inatuliza ule ukali, alafu ndo umpe mweupe uliopoa vizuri. Na mwambie kabla hajameza, "hii haina sukari, ni kama chai ya rangi isiyo na sukari", akishajua anachotegemea hawezi kusema imechacha. Nimeona watu wakigeuka hapo hapo mezani.

Kupoa ni muhimu kuliko mapipa ya baba mdogo. Mweupe nyuzi 8 mpaka 12. Na mwekundu, hii watu wengi wanakosea, wamesoma sehemu kwamba mwekundu unywewe kwa joto la chumba, basi wanauacha kwenye shelfu banda la bati mwezi wa kumi na moja! Hilo joto la chumba ni la nyumba za mawe za Ulaya za zamani, kwenye nyuzi 16, 18 huko, sio la Mpunguzi saa nane mchana ambapo ni 30 na kitu. Weka mwekundu kwenye friji nusu saa kabla ya mgeni. Ukinywewa moto unasikia spiriti tu.

Na joto hilo hilo ndo linaua mvinyo wakati unachemka kwenye tenki, ikizidi nyuzi 30 na kidogo hamira inachoka, harufu nzuri yote inaondoka na povu, wakati mwingine inakufa sukari ikiwa bado, unafungia chupa, wiki ya tatu inaamka humo ndani na vizibo vinaruka. Kwa hiyo hela ya mapipa ya mwaloni, na ni hela nyingi, ziwekwe kwenye kupoza, hata kama ni kufunga magunia yaliyoloweshwa kuzunguka tenki na kuvuna alfajiri zabibu ikiwa bado na ubaridi wa usiku. Pipa mtanunua baadae mkiwa na kitu cha kutia humo.

Kuhusu choya na ubuyu, jamani msiache! Hiyo ndo iliyowafanya watu wakawajua. Ila hapa ndo namrudia baba mdogo kwamba ana pointi, sio kila kitu cha bibi kiende mezani kama bibi alivyokiacha. Chupa za soda hapana. Lebo iseme ukweli, kama ni choya iandikwe choya, mtu asije akadhani rangi ile nyekundu ni ya zabibu. Na hili lina hela ndani yake, manake kwenye ushuru wa bidhaa mvinyo wenye zabibu za ndani zaidi ya asilimia 75 unatozwa kidogo sana ukilinganisha na wa nje, sasa wa choya usiuhesabie huko kwa mazoea, mwite mhasibu kabla TRA hawajakuita wewe. Alama ya TBS na stempu za ushuru zikae kwenye kila chupa inayotoka. Na kile kibali cha kutengeneza sio kibali cha kunywesha watu hapo barazani, leseni ya vileo ni kitu kingine, nenda kwa afisa biashara wa halmashauri ukaulize mapema. Aliye chini ya miaka 18 haonji, hata akija na baba yake, hata kama baba yake ni huyo mbunge.

Mi ningeiweka choya mwisho, baada ya zabibu, glasi ndogo, baridi sana, na hadithi ya bibi. Kama bibi anaweza kukaa hapo barazani Jumamosi moja moja, mwekeeni kiti kizuri.

Kutoza, tozeni. Bure inaleta watu wa bure. Chupa ya mililita 750 ukimimina mililita 50 inatoa glasi 15, piga hesabu ya gharama ya chupa ugawanye hapo, jumlisha karanga na mtu wa kuosha glasi, utapata bei isiyouma. Alafu akinunua chupa mbili ile hela ya kuonja mrudishie. Akitoka hapo anajiona kashinda yeye.

SWALI: Mambo Mjomba. Mi niko Dar, rafiki zangu wamenialika wikiendi Dodoma tunaenda sehemu ya kuonja mvinyo, sijawahi. Nasikia kuna kutema, kweli watu wanatema mvinyo? Naogopa kuaibika. (Mgeni wa SGR)

JIBU: Poa. Ndio, wanatema, kuna ndoo kabisa mezani, na asiyetema ndo anaaibika mwisho wa siku. Piga hesabu, glasi nane za mililita 50 ni zaidi ya nusu chupa, umekula nini asubuhi? Chapati mbili za kituoni. Kwa hiyo ukifika kula kwanza, kama ni Jumamosi pitia mnadani Msalato ule nyama choma, ndo chakula chenyewe cha mwekundu wa huku, mafuta ya mbuzi na ile kukauka mdomoni vinapatana sana.

Kuonja kwenyewe wala usijali. Zungusha kidogo, nusa, chukua kidogo, acha kizunguke ulimi wote, meza au tema. Usiseme unasikia harufu ya matunda ya msituni, we umeona wapi matunda ya msituni? Sema unachosikia. Mi kuna Syrah moja ilininukia pilipili manga na mwingine akasema inanuka ngozi mpya ya viatu, wote tuliandikiwa sawa. Swali moja tu la kuuliza ili uonekane unajua: "Hii ni ya mavuno gani, ya Machi au ya Septemba?" Mwenye nyumba akisita, endelea na karanga.

Na anayeendesha gari asionje kabisa, mwachieni juisi ya zabibu.

SWALI: Mjomba, chupa nikishafungua ya mwekundu inakaa siku ngapi? Mume wangu anasema hata mwezi. (Mama K., Area D)

JIBU: Dada, funga kizibo chake, weka kwenye friji ikiwa imesimama, siku tatu mpaka tano bado ni mvinyo. Baada ya hapo anza kumpelekea mama mkwe wangu.