Jimbo kupokea fomu yako hakuthibitishi kwamba jina la mdaiwa ni sahihi

SWALI: Shikamoo wakili. Mwaka jana niliuza vifaa vyote vya mgahawa wangu hapa Houston, majiko, majokofu, meza na viti, kwa ndugu yetu mmoja. Bei ni dola 60,000, analipa kidogo kidogo kwa miaka minne, na tuliandikiana kwamba vifaa ni dhamana mpaka amalize deni. Anayenijazia kodi ndiye aliyetujazia fomu ya UCC-1, ile ya kusajili dhamana jimboni. Kwenye nafasi za mdaiwa aliandika jina lililo kwenye bango la mgahawa, kisha jina la mnunuzi kama tunavyomwita sote. Juzi nimeiona leseni yake ya udereva, majina ni tofauti. Aliyejaza anasema nisiwe na wasiwasi: jimbo limeipokea fomu, na vifaa vimeorodheshwa vizuri pamoja na namba zake. Je, niko salama?

JIBU: Marahaba. Kwa jinsi ulivyoeleza, uwezekano mkubwa ni kwamba huna kinga, na aliyekuambia usiwe na wasiwasi amekupotosha hata kama hakukusudia.

Hoja yake ya kwanza nimechoka kuisikia: "jimbo limeipokea." Ofisi ya Katibu wa Jimbo haikagui kama jina uliloandika ni la mdaiwa kweli. Sheria imeipa sababu chache tu za kuikataa fomu: ada haikulipwa, nafasi ya jina imeachwa wazi, anwani haipo, na nyingine za namna hiyo. Ukiandika jina lisilo la mtu yeyote ukalipa ada, utapewa namba ya usajili, tarehe na saa. Karatasi hiyo inathibitisha kwamba ulipeleka fomu, basi. Watu wanaitia kwenye faili, wanalala usingizi, na wanagundua ukweli siku mdaiwa anapofilisika.

Hoja ya pili, kwamba vifaa vimeelezwa vizuri, nayo haikusaidii. Daftari la UCC limepangwa kwa majina ya wadaiwa. Benki itakayotaka kumkopesha huyo ndugu kesho haitatafuta namba ya jokofu. Itaandika jina lake la kisheria kwenye mtambo wa kutafutia, na usajili wako usipojitokeza, mbele ya benki hiyo wewe hupo. Ni kama kumpa mtu namba ya simu yenye tarakimu moja iliyokosewa: nyingine zote zinaweza kuwa sahihi, na bado hatakupata.

Mkataba wenu wawili bado ni halali. Asipolipa, una haki zako dhidi yake. Tatizo ni watu wengine: mkopeshaji mwingine aliyejisajili sawasawa, au mfilisi atakayeteuliwa kusimamia mali yake akifilisika. Mfilisi ana mamlaka ya kuifuta dhamana yenye kasoro hii, na wewe ukabaki unagombea senti pamoja na wadai wasio na dhamana yoyote.

Sasa tazama mkataba: aliyesaini kama mnunuzi ni yeye mwenyewe au kampuni yake? Hapo ndipo njia zinapoachana.

Kama ni yeye binafsi, Texas, kama majimbo mengi, inataka jina lililo kwenye leseni ya udereva au kitambulisho ambacho jimbo lenyewe limempa na ambacho hakijaisha muda. Hilo ndilo jina, hata kama pasipoti inasema vingine, hata kama mtaa mzima unamwita Baba Neema. Ichukue leseni uitazame kwa makini. Kando ya majina kuna namba ndogo: 1 ni jina la ukoo, 2 ni majina mengine. Lililo kwenye 1 linaingia kwenye nafasi ya jina la ukoo katika kisanduku 1b cha fomu. La kwanza kwenye 2 linaingia kwenye nafasi ya jina la kwanza. Yanayobaki yanaingia kwenye majina ya ziada. Nakili herufi kwa herufi. Usirekebishe unachodhani kimekosewa. Leseni ikiandika NGANGA, usimrudishie mwenye jina alama zake za Ng'ang'a kwa kumheshimu. Ikiandika Mohamed, usiandike Muhammad. Na usiliweke jina la mtu kwenye kisanduku 1a, ambacho ni cha kampuni, kwa sababu utafutaji wa watu na wa kampuni hufanywa mbalimbali.

Watu wetu wanaponzwa zaidi hapa kwa sababu ya majina yetu matatu. Mtu ametoka nyumbani na jina lake, la baba na la babu. Ubalozi umeligeuza la babu kuwa la ukoo. Ofisi ya leseni imeliacha la katikati. Wengine wana FNU (kifupi cha Kiingereza cha "jina la kwanza halijulikani") palipotakiwa jina la kwanza. Hali ikiwa hivyo, sajili kama leseni inavyosema, kisha mwongeze mtu yuleyule kama mdaiwa wa pili kwa jina la pasipoti. Jina la ziada halikudhuru. Linalokosekana ndilo linalokuangamiza.

Kama mnunuzi ni kampuni, leseni yake weka pembeni. Jina halali ni lile lililo kwenye hati ya kuanzisha kampuni iliyowasilishwa jimboni, pamoja na marekebisho yake ya mwisho. Halitoki kwenye bango, kwenye hundi, wala kwenye barua ya IRS yenye namba ya kodi. Jina la biashara peke yake halitoshi, sheria imesema hivyo waziwazi. Na usiliambatanishe na jina halali kwenye nafasi moja ukidhani unaongeza usalama: mwaka 2010, katika shauri la EDM Corporation, benki iliyoandika "EDM Corporation D/B/A EDM Equipment" (D/B/A ni "inayofanya biashara kwa jina la") ilishindwa, kwa kuwa utafutaji wa jina halali haukuleta usajili wake. Kumbuka pia kwamba kampuni husajiliwa UCC katika jimbo ilikoundwa. Hao wanaowashawishi wenzetu mitandaoni wafungue kampuni ya aina ya LLC Wyoming au Delaware hawawaambii wadai wao kwamba fomu iliyopelekwa Texas haiwafai kitu.

Najua utasema, mahakama si itaelewa tulimaanisha nani? Nakuomba uitoe fikra hiyo kichwani. Sheria imeacha mlango mmoja tu: utafutaji wa jina sahihi, kwa kanuni za kawaida za ofisi yenyewe, ukileta usajili wako, kosa linasamehewa. Mitambo mingi haijali herufi kubwa wala nukta, wala vimalizio kama Inc. na LLC. Lakini haijui kwamba Abdallah na Abdullah ni mtu mmoja. Kansas, mwaka 2006, Mahakama ya Juu ya jimbo ilimnyima haki muuzaji wa zana za kilimo aliyeandika Roger badala ya Rodger. Herufi moja. Florida ilikwenda mbali zaidi mwaka 2022: benki iliyokopesha karibu dola milioni 3 iliandika "1944 Beach Blvd., LLC" wakati jina halali lilikuwa "1944 Beach Boulevard, LLC". Mtambo wa jimbo ulikuwa unakupa orodha unayoweza kuipekua mbele na nyuma bila mwisho. Mahakama ikasema huko si kutafuta, kwa hiyo hata ule mlango mmoja haukuwepo.

Kwa hiyo fanya hivi wiki hii. Tafuta kwenye mtambo rasmi wa jimbo husika kwa jina halisi. Usajili wako usipojitokeza, peleka UCC-1 mpya yenye jina sahihi, na ile ya zamani usiifute. Ukishapata majibu, tafuta tena uone kama mpya inatokea. Mkataba wa dhamana aliousaini unakupa ruhusa ya kusajili, huhitaji kumbembeleza asaini tena.

Usajili mpya utahesabiwa kuanzia siku utakapopokelewa, hauturudishi mwaka jana. Anayeuza vifaa kwa mkopo kama wewe hupewa siku 20 tangu mnunuzi akabidhiwe mali. Akisajili ndani ya siku hizo anaitangulia hata benki iliyojisajili kabla yake. Nafasi hiyo umeshaipoteza. Pia mdaiwa akifilisika ndani ya siku 90 baada ya kusahihisha, mfilisi anaweza kuushambulia usajili huo, na kwa ndugu wa damu wa mdaiwa muda huo ni mwaka mzima. Ndiyo maana sipendi neno "wasiwasi usiwe nao". Kila siku unayoketi nalo, hesabu ya siku 90 haijaanza.

Nimeandika kwa urefu kwa sababu swali hili linanijia pia kutoka kwa vyama vya kuweka na kukopa. Wanachama wanamkopesha mwenzao pesa za vifaa vya saluni, na katibu anajaza fomu kwa jina alilolihifadhi kwenye simu. Wengine wanasajili UCC kwa ajili ya lori, wakati dhamana ya gari lenye hati ya umiliki huandikwa kwenye hati yenyewe. Kisha kuna wajaza fomu wanaochukua ada yao na kukuhakikishia mambo yako sawa bila kuomba kuona karatasi hata moja. Kabla hujamlipa mtu wa namna hiyo, muulize jina la mdaiwa amelitoa wapi. Asipokuonyesha nakala ya leseni ambayo haijaisha muda, au hati ya kampuni kutoka jimboni, chukua karatasi zako uondoke.