Sehemu ya kusagia mawe nyumbani: panga kwanza maji na tope, mashine itafuata

Mkuu umesema umepanga vyumba viwili na kibaraza cha nyuma hapo Arusha, unataka tambla (ile mashine ya pipa linalozunguka na mawe ndani) ung'arishe mawe unayookota, na swali lako ni ununue mashine gani. Mashine ntaigusa ila sio pa kuanzia. Watu wengi wananunua mashine kwanza halafu ndo wanajiuliza tope wapeleke wapi, na kwenye nyumba ya kupanga hilo tope ndo litakukosanisha na mwenye nyumba kabla hata jiwe la kwanza halijang'aa.

Elewa kwanza hii kitu inavyokula muda. Hatua ziko nne, griti (unga mkali wa kusagia, namba ikipanda chembe zinakuwa laini zaidi) ya 60/90, inafuata 120/220, inafuata 500, mwisho polishi (aluminiamu oksaidi inatosha), na kila hatua ni kama siku 7 pipa likizunguka usiku na mchana. Hatua ya kwanza inaweza ikaenda hata wiki tatu kama mawe yana kona kali. Kwa hiyo unatafuta sehemu ambayo kitu kitalia mwezi mzima na zaidi bila mtu kukasirika, na hapo kibaraza ndo jibu, ila upande usiogusa ukuta wa jirani wala dirisha unalolalia. Mimi mashine yangu imekaa juu ya tofali, katikati kuna kipande cha tairi kuukuu, chini sinia pana la kudaka matone. Chukua pipa la mpira kama bajeti inaruhusu, la plastiki linapiga kelele sana.

Kelele yenyewe jifunze kuisikiliza maana ndo itakwambia ndani kuna nini. Pipa lililojaa sawa linatoa shaaa, shaaa ya taratibu, kama mama anapepeta mchele kwenye ungo. Ukisikia kong, kong ujue mawe ni machache, yanaanguka kutoka juu na kupasuana, utayatoa yana alama za mwezi mwezi kwenye kona. Likiwa kimya kabisa limejaa kupita kiasi au tope limeshakuwa zito mawe yamegandana. Kipimo ni theluthi mbili mpaka robo tatu ya pipa, maji yaishie chini kidogo ya mawe ya juu, na kwa pipa dogo la ratili 3 weka vijiko vinne vya chakula vya griti ya kwanza. Mawe hayatoshi? Jazia vipande vya seramiki, sio kuongeza maji. Hatua ya kwanza fungua kifuniko kila siku kidogo, maana kuna mawe yanatoa gesi na pipa linavimba.

Sasa tope. Usimwage kwenye sinki, usimwage chooni, usimwage kwenye karo la kuogea. Ni unga wa mawe uliosagwa laini mno, unatua kwenye kona ya bomba na kuwa mgumu, na fundi akija hazibui, anakata paipu. Tafuta ndoo mbili kubwa na chekecheke. Osha mawe yote kwenye ndoo ya kwanza, hamishia ya pili suuza, acha zilale usiku kucha, asubuhi maji ya juu yakiwa yametulia na kuwa maangavu mwaga nje ardhini, tope la chini anika juani kwenye mfuko mpaka liwe bonge utupe na taka nyingine. Ndo maana nasema kibaraza chenye bomba la nje kinazidi chumba kizuri kisicho na maji.

Griti zenyewe kila moja kopo lake na kijiko chake, na kwenye shelfu polishi inakaa JUU kabisa, griti kubwa chini kabisa. Sababu ni kwamba kikimwagika kitu kinaenda chini, na polishi ikimwagikia kwenye 60 haina shida ila chembe chache za 60 zikidondokea kwenye polishi ule mwezi wako wote umekwisha, mawe yanatoka na mikwaruzo. Kwa hiyo pia polishi iwe na pipa lake. Kati ya hatua piga kila jiwe mswaki, na lenye ufa au kishimo lirudishe hatua ya kwanza au litupe, kishimo kinabeba griti humo humo.

Kuna mtu atakwambia utumie ile grindingi pesti ya gereji, ya kusagia valvu. Ina grisi, achana nayo, waulize mafundi wanaokata vito hapo mjini wanakopata silikoni kabaidi ya unga, ndo griti yenyewe.

Meza ya kukagulia iwe karibu na dirisha. Jiwe lililolowa linang'aa siku zote, linakudanganya, lifute likauke kabisa halafu ligeuze geuze mwanga ulipite kwa pembeni. Ukiona ukungu au mistari midogo hatua haijaisha, ongeza siku.

Mawe ya kuanzia: chukua kisu cha chuma, jaribu kukwaruza. Kisu kikiacha mkwaruzo ni laini mno, weka pembeni. Yanayokwaruza kioo kama kwazi na jaspa ndo ya kuanzia, ila usichanganye magumu na laini pipa moja. Lava ya Meru yenye matundu usihangaike nayo. Lile jiwe la Longido la kijani lenye rubi ni zuri kwa macho ila kwenye tambla ni mtihani, rubi ni 9 kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs na zoisaiti (ile kijani) ni 6 mpaka 7, kijani kinaliwa rubi inabaki imetuna. Tanzanaiti ndo usithubutu, ukiigonga inapasuka, na kununua madini kwa ajili ya biashara kunataka leseni ya Tume ya Madini.

Umeme: mota ndogo ya wati 25 ni kama uniti 18 kwa mwezi, kama uko kwenye tarifu ya TANESCO ya watumiaji wadogo yenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi zihesabu hizo. Waya wa mashine uning'inie chini ya soketi kwanza ndo upande juu, tone la maji liishie hapo chini lisifuate waya mpaka ndani ya soketi. Umeme ukikatika muda mrefu, kabla hujawasha tena tikisa pipa kwa mkono, tope likishatua upande mmoja mota inashindwa kuanza na inaweza kuungua.

Vumbi nalo: tope likikauka sakafuni usifagie, loweka ufute na kitambaa, na kama utapiga mawe kwa nyundo lowesha na vaa barakoa ya N95. Vumbi la silika linaharibu mapafu na hayaponi.

Mashine sasa. Ya kuagiza Marekani ni ya volti 120 na hezi 60, ukiiwekea transfoma bado itazunguka polepole kidogo maana huku ni hezi 50, inafanya kazi ila siku zinaongezeka. Ukipata ya 230 chukua hiyo. Kama una fundi wa kuchomelea, shafti mbili zenye mpira, beringi nne, na mota ya mashine ya kufulia iliyopunguzwa mwendo kwa puli vinatosha, tupia picha ya mota uliyonayo hapa tuone.