Katheta Haina Nafsi

SWALI: Mimi ni mfasiri wa vijitabu vya maelekezo ya vifaa vya tiba. Nimeletewa maelezo ya katheta, yaani mpira mwembamba wa kuingizwa mwilini, yenye nyuzi zinazopitisha mwanga, ya kuchunguzia damu na viowevu vingine vya mwili. Nimetafsiri hivi: "katheta ya faiba optiki kwa ajili ya uchambuzi wa vimiminika wenye msingi wa mwanga bila kalibresheni ya kibinafsi." Mhariri wangu ameridhika, ila anataka "faiba optiki" iwe "mkongo wa kioo". Nani kati yetu yuko sahihi?

JIBU: Ndugu mfasiri, nyote wawili mmempita nyoka mkaenda kuua mjusi. Ila kwa kuwa mjusi ndiye mliyemleta, nianze naye.

Mkongo ni ile kebo nene inayolazwa chini ya bahari kubeba mawasiliano ya nchi nzima. Mwambie mgonjwa kwamba utamwingizia mkongo kwenye mshipa uone kama hatavaa viatu aondoke. "Kioo" nacho kitakuponza, maana nyuzi nyingine hutengenezwa kwa plastiki. Wala usije ukaandika "nyuzinyuzi". Hizo ni za mboga, na huduma yake ni ya chooni. Andika "nyuzi za mwanga", inatosha. "Katheta" iache ilivyo. Kiingereza kiliitoa kwa Wagiriki, ambao kwao ilikuwa kitu cha kushushwa ndani, sisi tukaipokea, na leo wauguzi wanaitamka bila kujing'ata ulimi.

Sasa nyoka: "kalibresheni ya kibinafsi". Kalibresheni ni kulinganisha kifaa na rejea inayojulikana ili kipime sawasawa.

Nina ugomvi wa miaka mingi na hili neno, nawe umenipa nafasi. "Binafsi" limetoka kwenye "nafsi" ya Kiarabu, na kazi yake katika Kiswahili inajulikana. Mimi binafsi sikubali. Hospitali binafsi, yaani si ya serikali. Mambo yangu binafsi, yaani usiyaulize. Kote humo kuna mwenye nafsi, au mali ya mwenye nafsi. Kisha wakaja watafsiri, wakakutana na neno la Kiingereza "individual", wakafungua kamusi, wakakuta "binafsi", wakafunga kamusi. Tangu siku hiyo kila kitu duniani kimepata nafsi.

Niliwahi kuletewa karatasi ya dawa niihariri, imeandikwa: "Vidonge vimefungwa kibinafsi." Nilikaa nayo muda mrefu. Aliyetafsiri alitaka kusema kwamba kila kidonge kina kifuko chake. Alichosema ni kwamba vidonge vimefungwa kwa uchoyo. Maana ukishaweka ki- mbele ya "binafsi", msomaji haendi mbali kabla hajakutana na "ubinafsi", na ubinafsi kwetu ni ile tabia ya mtu kula peke yake mlango umefungwa. Nikavifikiria vidonge vile, kila kimoja kimejifungia ndani, hakitaki kuazima hata chumvi. Ndiyo hiyo "kalibresheni ya kibinafsi" yako: kipimo kinachojipendelea.

Kuchekesha kungesamehewa. Kosa kubwa la neno hili ni kuficha jambo ambalo muuguzi lazima alijue.

Tuitazame katheta yenyewe. Chukua ile ya kupimia oksijeni iliyomo kwenye damu. Uzi mmoja unapeleka mwanga hadi nchani, mwingine unarudisha mwanga uliogonga chembe nyekundu. Himoglobini, ile inayobeba oksijeni ndani ya chembe hizo, ikiwa na mzigo wake hurudisha mwanga mwekundu kwa wingi, ikiwa haina huumeza. Kwenye mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, tofauti hiyo ni ndogo. Mashine inalinganisha mianga hiyo miwili na kutoa jibu. Taabu ni kwamba katheta mbili hazifanani kabisa: ncha imekatwa tofauti kidogo, nyuzi zimeachana kidogo zaidi, kiungio kinavujisha mwanga kwa namna yake. Kwa hiyo katika mitambo mingi muuguzi huanza kwa kuielekeza ncha kwenye kipande cha rejea kilichomo ndani ya pakiti. Au baada ya kuiingiza, huvuta damu, huipeleka maabara, kisha hulisha mashine tarakimu iliyorudi. Hiyo ndiyo kazi ambayo kifaa chako kinajisifu kuiondoa. Njia mojawapo ya kuiondoa ni kuhakikisha kwamba upotevu wa mwanga unazipata rangi zote mbili sawasawa. Ukizigawanya moja kwa nyingine, upotevu unajifuta wenyewe.

Basi swali linakuja: ni nini kisichohitaji kulinganishwa na rejea? Ni kila katheta inayotoka kwenye pakiti, au ni kila mgonjwa anayelazwa? Ni mambo mawili tofauti kabisa. Kile kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni, ambacho msingi wake uliwekwa na Mjapani Takuo Aoyagi katika miaka ya 1970, hakiulizi damu yako wewe ikoje. Mchoro wake wa kugeuza mwanga kuwa tarakimu ulipatikana kwa watu waliojitolea kupunguziwa oksijeni na kutolewa damu, kisha mchoro huohuo ukatumika kwa kila atakayetia kidole. Hapo aliyesamehewa ni mgonjwa. Kwenye katheta yako, kama nimeelewa maelezo uliyonieleza, kilichosamehewa ni katheta.

Kiingereza hapo kina "individual", neno moja lisilobadilika, linawafunika wote. Kiswahili kina ngeli. Katheta "moja moja", mgonjwa "mmoja mmoja", kifaa "kimoja kimoja". Silabi moja tu ya mwanzo, na muuguzi ameshajua ni nani anayezungumziwa. Lugha inakukabidhi taa bure, nawe unaizima ili uweke "kibinafsi", neno ambalo halibadiliki ukiliweka kwa mtu, kwa mpira au kwa mlango!

Angalia pia kazi ya kurudufu. "Wauguzi walipewa katheta moja" ni malalamiko, watagombana. "Wauguzi walipewa katheta moja moja" ni mgawanyo; kila mtu ana yake. Sina haja ya kuongeza "kila", wala "husika", wala lile balaa jingine la "mtu binafsi".

Utaniuliza kwa nini usiandike "huhitaji kugeza kila katheta", kugeza kukiwa ndiko huko kulinganisha na rejea. Jaribu kuisoma kwa sauti. Atatokea atakayeelewa kwamba baadhi zinahitaji na baadhi hazihitaji, akae anatafuta ni zipi. "Huhitaji kuzigeza moja moja" haina mwanya huo, na zaidi ya hapo inadokeza ukweli wenyewe: hazigezwi rejareja kitandani.

Nakiri kuna shimo. Ukiamua kuiita katheta "mpira", kama wengi wanavyosema wodini, mpira nao ni "mmoja mmoja", sawa na mgonjwa, na ujanja wangu wote umekwisha. Hapo taja jina waziwazi: "mpira mmoja mmoja". Lugha yetu ni nzuri, sikusema ni malaika.

Umeona nimeandika "kugeza". Ndilo neno ninalolitaka mahali pa "kalibresheni". Kugeza ni kulinganisha kitu na mfano wake, na mfano huo ndio "kigezo", ambalo unalitumia kila siku bila kumkumbuka mama yake. Wengine huandika "kusawazisha". Kusawazisha ni kwa bao la dakika ya mwisho na kwa meza yenye mguu mfupi. Wengine "kurekebisha", na mnunuzi anadhani ameuziwa kitu kibovu. Ukiona wasomaji wako watashtuka kwa "kugeza", weka "kalibresheni". Sitakuandikia barua. Nimezeeka, nachagua vita.

"Wenye msingi wa mwanga" futa. Kiswahili kina "kwa", silabi moja, inafanya kazi hiyo tangu kale: tunapika kwa kuni, tunapima kwa mwanga, hakuna aliyewahi kupika chakula chenye msingi wa kuni. Na kwa kuwa nyuzi zimeshatajwa kuwa za mwanga, hata hiyo "kwa mwanga" si lazima uirudie. "Vimiminika" si kosa, lakini hapo unazungumzia damu na wenzake, kwa hiyo "viowevu vya mwili" inakaa vizuri zaidi.

Inabaki hivi: "Katheta ya nyuzi za mwanga ya kupimia viowevu vya mwili, isiyohitaji kugezwa moja moja." Ihesabu; imekuwa fupi kuliko yako, na haina mchoyo hata mmoja ndani yake. Kabla hujaituma, warudie waliotengeneza kifaa uwaulize kama wanakusudia katheta au mgonjwa. Wakisema mgonjwa, andika "isiyohitaji kugezwa kwa mgonjwa mmoja mmoja". Wakisema vyote viwili, taja vyote viwili, na mhariri wako akilalamikia urefu, mpe ule mkongo wake aupunguze.