Mabaki ya machimbo kwa chujio la maji ya kisima: anza na jiwe lenyewe

Ndugu uliyeuliza kama vumbi na vipande vinavyobaki kwenye machimbo ya Kikambala, pwani ya Kenya, vinafaa kujazia chujio la mchanga la nyumbani: hivyo viache. Lile ni jiwe la matumbawe, chokaa tupu, ndugu wa lile linalosagwa Bamburi kuwa saruji. Chembe zake ni laini, husagika zikioshwa na kuziba chujio, na ukipitisha maji ya mvua huyeyuka na kuyafanya maji magumu. Tafuta mabaki ya mashine ya kokoto za jiwe gumu, au ya jiwe la Mazeras (jiwe la mchanga) mradi halimomonyoki kwa vidole. Lidondoshee siki; likitoa povu, lina chokaa.

Vumbi la jiwe gumu nalipendelea kuliko mchanga wa mtoni, kwani halijachanganyika na kinyesi wala mizizi. Wa ufuoni usiuguse, una chumvi na makombe.

Lianike likauke kabisa, maana likiwa bichi huziba chekecheke. Lipitishe nyavu zenye matundu ya milimita 12, 6 na 0.7. (Wavu wa mbu wa dirishani una matundu makubwa mno.) Linalopita 0.7 ndilo mchanga wa kuchujia.

Kuosha ndipo wengi wanapoharibu. Kokoto zioshe hadi maji yawe maangavu, lakini mchanga usiuoshe hivyo. Tia kiasi kwenye chupa ya kioo yenye maji, tikisa, iweke mezani: baada ya sekunde 3 au 4 uone uso wa mchanga, maji yakiwa bado na ukungu kidogo. Ukizidisha, unamwaga chembe ndogo zinazonasa vijidudu.

Chini weka sentimita 5 za kokoto za 6 hadi 12, kisha 5 za changarawe za 0.7 hadi 6, juu mchanga sentimita 54 hivi. Maji yatangulie ndani kila mara, hewa isinaswe. Kinywa cha bomba la kutolea maji kiwe sentimita 5 juu ya uso wa mchanga, bila koki.

Kwa chujio la boksi la zege la sentimita 25 kwa 25, likijaa maji, lita moja ichukue angalau dakika 2 na nusu. Ikitoka upesi zaidi, mchanga ni mkubwa au umeoshwa mno. Ikichuruzika kwa shida, unga umebaki.

Utando wa viumbe juu ya mchanga huchukua hadi siku 30 kukomaa, kwa hiyo mwagia maji kila siku, na hata baadaye tia klorini kwenye maji yaliyochujwa. Chumvi ya visima vya karibu na bahari haitoki kwa mchanga wowote, wala naitreti (kemikali ya kinyesi) inayopenya kutoka shimo la choo.