Laptopu nzito nyumbani: angalia diski kabla hujanunua nyingine

Mkuu, kwa maelezo yako (laptopu ya Core i5 kizazi cha nne, RAM GB 4, diski ya GB 500 iliyokuja nayo, Windows 10), mashine yako uliyolalamika ni nzito, yaani inakwenda polepole, bado ina maisha. Fundi aliyekwambia uitupe ununue nyingine kajirahisishia kazi. Mimi ninayo ya kizazi hichohicho hapa Dodoma, watoto wanafanyia kazi za shule na mama yao anaandikia hesabu za duka, na haina longolongo.

Usifute kitu kwanza. Iwashe, iache itulie dakika chache bila kufungua programu yoyote, halafu bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Itafunguka Task Manager. Tazama safu za CPU (prosesa), Memory (RAM) na Disk. Yangu enzi zile CPU ilikuwa inacheza kwenye asilimia 5 au 6, lakini Disk imeganda kwenye 100 haishuki. Maana yake prosesa haina kazi, imekaa inasubiri diski ilete mafaili.

Diski hizo zina sahani inayozunguka, nyingi za laptopu ni mizunguko 5,400 kwa dakika, na kichwa kinachohama huku na kule kutafuta data. Ukinakili filamu moja kubwa inajitahidi. Balaa ni pale Windows inapowaka: inaomba vifaili vidogovidogo kwa maelfu, vimetawanyika, na kila ombi kichwa lazima kihame. Kwa sekunde inamudu maombi kama mia hivi, basi. SSD, yaani diski inayohifadhi data kwenye chipu, haina kinachozunguka wala kinachohama, inamudu maelfu kwa maelfu. Ndiyo maana anayebadili diski anahisi kanunua mashine nyingine, wakati prosesa ni ileile.

Kwako tafuta SSD ya SATA ya inchi 2.5, inayochomekwa palepale ilipokuwa diski ya zamani. Zile nyembamba za NVMe ziache hata muuzaji akizisifia vipi, laptopu nyingi za kizazi cha nne hazina pa kuzichomeka. GB 240 au 256 zinatosha matumizi ya nyumbani. Hapa kuwa makini na feki. Ukiona imeandikwa TB 2 na inauzwa bei ya kutupa, ujue ndani kuna chipu ndogo iliyochezewa ili iidanganye kompyuta. Inapokea mafaili vizuri tu, ukija kuyafungua hayapo. Kubaliana na muuzaji kabisa kwamba utairudisha ikigoma, kisha nyumbani ijaribu na H2testw kabla hujaweka chochote cha maana. Hiyo programu inaijaza data mpaka mwisho, halafu inaisoma yote kuhakiki.

Diski yako ya zamani nayo ikague kwa CrystalDiskInfo, programu inayoonyesha afya ya diski. Yangu ilitoa rangi ya njano na neno Caution, na mstari wa Current Pending Sector (sehemu za diski zinazogoma kusomeka) haukuwa sifuri. Ukitega sikio ulikuwa unasikia tik, tik, kimya, mshale wa kipanya unaganda, halafu kila kitu kinakuja kwa mpigo. Ukikuta hali hiyo, habari ya kasi weka pembeni. Hamisha picha na nyaraka leo hiihii.

RAM, ile kumbukumbu ya muda inayoshika programu ulizofungua, ongeza ifike GB 8. Ikijaa, Windows inaazima sehemu ya diski na kuitumia kama RAM, kwa hiyo ile diski iliyokwisha kuelemewa inatwishwa mzigo mwingine. Kizazi cha nne kinatumia aina ya RAM iitwayo DDR3L, kwenye lebo tafuta PC3L na volti 1.35. DDR4 haiingii, mkato wake uko mahali tofauti.

Ukiifungua kuweka hivyo vitu, chomoa betri, halafu angalia feni. Kwa vumbi la huku, yangu nilikuta kati ya feni na matundu ya kutolea joto vumbi limeshikana kama kipande cha blanketi. Feni ilikuwa inavuma kweli, ila hewa haitoki. Prosesa ikipata joto kupita kiasi inajipunguzia kasi yenyewe isiungue, na hapo hata uweke SSD ya dhahabu bado utalalamika. Tumia brashi laini, shikilia feni isizunguke, na ubadilishe ile pesti ya kupitisha joto iliyopakwa juu ya prosesa kama imekauka.

Programu za "safisha na uongeze kasi" sizipendi hata kidogo. Nyingi zinajiweka zenyewe kwenye orodha ya vinavyowaka na Windows, yaani dawa inageuka ugonjwa. Nenda Task Manager, sehemu ya Startup, zima usivyovihitaji. Kama una antivirusi mbili, toa moja.

Kuhusu mfumo: Windows 10 iliacha kupata msaada wa kawaida wa Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na kizazi cha nne hakimo kwenye orodha ya prosesa za Windows 11, rasmi wanaanzia cha nane. Kuna njia za kulazimisha, ila kwa mashine inayoshika hesabu za duka sikushauri. Mimi nilipiga Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, lile toleo jepesi la Xfce. Watoto walinung'unika, wakazoea. Hesabu zinaandikwa kwenye LibreOffice, programu ya ofisi ya bure, na printa ilikubali bila maneno. Kama kuna programu ya kazini isiyokubali Linux, hapo sema, ushauri utabadilika.

Geuza laptopu, chini kuna namba ya modeli. Itupie hapa tuangalie kama ina nafasi mbili za RAM au moja, maana hilo ndilo litakaloamua ununue ya GB 4 ya kuongezea au ya GB 8 ya kubadilisha.