Kwa mnaoanza kuchavusha mahindi: chotara kuwapita wazazi si ushahidi

Vijana, msimu wa mifuko ya kukinga chavua umewadia, na ripoti zenu za mwanzo zimeshaanza kusomeka kama za waliowatangulia: "Chotara imewapita wazazi wote wawili, kwa hiyo jeni lenye aleli mbili tofauti ni bora kuliko lenye aleli zinazofanana." Taratibu! (Chotara ni mzao wa wazazi wa koo mbili tofauti; aleli ni matoleo ya jeni moja, na mmea hupokea moja kwa kila mzazi.)

1. Mmewapita wazazi gani? Laini, yaani ukoo wa mimea inayojichavusha, ikifika vizazi sita imebaki na asilimia 1.6 hivi ya mchanganyiko wa aleli iliyoanza nao, kwa sababu kila kizazi hukata nusu. Aleli mbovu zilizokuwa zimejificha nyuma ya aleli tawala (zile ambazo nakala moja tu hutosha kuonekana) sasa zimeanikwa juani, ndiyo maana mmea unafika kiunoni tu. Kumshinda mgonjwa si ubingwa. Pandeni na chotara ya dukani kwenye jaribio hilohilo.

2. Hili ndilo kosa linalotuumiza kila mwaka, na hata wakongwe wa fani hii liliwasumbua miaka mingi. Chukueni jeni mbili, A na B. Kila moja ikiwa na aleli tawala, hata nakala moja, inachangia tani 2. Bila hiyo, tani 1. Herufi kubwa ni aleli tawala, ndogo ni ile isiyo tawala. Laini ya kwanza ni AAbb: tani 3. Ya pili ni aaBB: tani 3. F1, yaani chotara yao, ni AaBb: tani 4. Hakuna uchawi hapo, kila mzazi kaziba pengo la mwenzake. Donald Jones alilieleza jambo hili Marekani mwaka 1917.

Sasa tuseme A na B zimekaa jirani kwenye kromosomu moja, zikirithiwa kama pacha. F2, yaani mzao wa F1 iliyojichavusha, inatoa robo AAbb, nusu AaBb, robo aaBB. Yaani 3, 4, 3. Anayepima eneo hilo anaona "jeni moja" ambalo mchanganyiko wake unashinda pande zote mbili, anaandika ripoti, anapongezwa. Kumbe ni jeni mbili zilizokumbatiana! AABB, ambayo nayo ingetoa tani 4 bila uchotara wowote, haijapata nafasi ya kuzaliwa.

Dawa yake ni subira. Chavusheni mimea ya F2 mmoja kwa mwingine, bila kuichagua na bila mmea kujichavusha, vizazi kadhaa, mimea mia mbili na zaidi kila kizazi, ili kromosomu zipate muda wa kubadilishana vipande. Kisha chukueni chavua ya mimea ya F2 ya awali na ya hiyo iliyochanganywa, mchavushe laini zote mbili za wazazi, na mzao wote mpande msimu mmoja. Ukuu wa mchanganyiko ukishuka, mlidanganywa na ujirani. Kwenye mahindi, mara nyingi hushuka.

3. Msichague jozi kwa uzuri wa sura. Laini mbili zinazong'aa za ukoo mmoja zina mapengo yaleyale, na chotara yao itawaaibisha. Watafiti wa Kitale, Kenya, walikuwa na mahindi yao mazuri ya Kitale Synthetic. Kilichozaa chotara ya H611 mwaka 1964 ni kuyaozesha Ecuador 573, mgeni kutoka Amerika ya Kusini. Wala hazikuwa laini safi, zilikuwa jamii mbili zenye viwango tofauti vya aleli, basi.

4. Mkulima akiuliza kuhusu kupanda tena mbegu ya chotara aliyoivuna na kuiweka ghalani, mpeni hesabu. Wazazi tani 2 na 3, wastani 2.5, F1 tani 8, ziada 5.5. F2 hupoteza nusu ya ziada: tani 5.25. Chotara ya laini nne hupoteza robo.

Fungeni suke kwa mfuko kabla ndevu hazijatoka, ukiziona, umechelewa. Mfuko wa mbelewele (ua dume la juu) ufungwe siku moja kabla ya kuchavusha, mchavushe umande ukishakauka. Lebo ni kwa penseli: wino huondoka na mvua ya kwanza.