Uliza Tukujibu: Perry na meli nyeusi za Japani

Toleo lililopita tuligusia kidogo tu zile meli nyeusi za Wamarekani kule Japani, maswali yakamiminika. Tumechagua manne.

Shikamoo mhariri. Hapa kijiweni tumebishana sana, mwenzetu anasema Commodore Perry aliipiga mabomu Japani mwaka 1853 ndo wakakubali biashara. Kweli? (Msomaji, Tanga)

Marahaba. Mabomu hapana. Mizinga alikuwa nayo tena ya kutosha, ila iliyolia ilikuwa ya salamu tu. Matthew Perry, mkuu wa kikosi cha manowari za Marekani, alitia nanga Uraga, mlangoni mwa ghuba ya Edo (saivi ndo Tokyo), tarehe 8 Julai 1853, na meli nne: Susquehanna na Mississippi za mvuke, Plymouth na Saratoga za matanga, na zile za mvuke zikawa zinazikokota zile za matanga, sasa fikiria wewe ni mvuvi wa pale unaona midude myeusi inatoa moshi inaingia bila kutweka tanga.

Silaha yake kubwa lakini ilikuwa maringo, na maringo yenyewe yalikuwa na hesabu. Miaka saba nyuma, 1846, mwenzake James Biddle alikwenda huko huko kwa upole, akakataliwa, na mlinzi mmoja akamsukuma mbele za watu, mzee wa watu akameza akaondoka. Perry aliisoma hiyo. Akajifungia chumbani melini, maofisa wadogo wa Kijapani wakija wanaongea na wasaidizi wake tu, yeye anasema ana barua ya Rais na atampa mtu mwenye hadhi, na kama hawataki basi atashuka aipeleke Edo mwenyewe. Wakaambiwa waende Nagasaki kama wageni wengine, akagoma. Tarehe 14 Julai akashuka Kurihama na askari na mabaharia wake kama mia tatu hivi, bendi inapiga, ubavuni walinzi wawili Wamarekani weusi warefu wenye silaha, Wajapani nao wamejipanga kwa maelfu, barua ikatolewa kwenye kisanduku cha mbao ya thamani, basi. Nchi kavu hakukaa hata nusu siku. Akasema nitarudi mwakani kuchukua jibu. Kichekesho ni kwamba barua ilisainiwa na Rais Fillmore, na Fillmore alishaondoka madarakani tangu Machi mwaka ule ule!

Habari za kazi. Shuleni tulifundishwa Japani ilijifungia miaka zaidi ya mia mbili haijui chochote cha nje. Sasa walielewanaje na Wamarekani? (Msomaji, Kigoma)

Njema. Hiyo ya "haijui chochote" ifute. Mlango ulikuwa umerudishwa, haukupigwa kufuli. Shogun, yaani mkuu wa kijeshi aliyekuwa anatawala Japani, alimfukuza Mreno mwaka 1639 kwa kuogopa dini yake, lakini Mholanzi akaachwa Dejima, kijisiwa cha kutengenezwa pale bandarini Nagasaki, na Wachina walikuwa wanafanya biashara mji huo huo, na Korea walikuwa wanapitia kisiwa cha Tsushima. Waholanzi walikuwa wanatakiwa kupeleka ripoti ya habari za dunia, na hata ujio wa Perry walishautonya serikalini kabla hajafika. Kwa hiyo mazungumzo yalikwenda kwa Kiholanzi na Kichina, Mmarekani anasema Kiingereza, mkalimani wake anageuza Kiholanzi, wa upande wa pili anageuza Kijapani, yaani neno moja linazunguka dunia.

Tena walikuwa na mtu wao, Manjiro, kijana mvuvi aliyepotea baharini 1841 akaokolewa na meli ya Kimarekani ya kuwinda nyangumi, akasoma Massachusetts, akachimba dhahabu California, akarudi kwao 1851. Perry alipofika jamaa akaitwa Edo kutoa ushauri. Ila kukalimani hakuruhusiwa, waliogopa ana mapenzi na Wamarekani.

Sasa biashara ilianza lini hasa? Kila mahali nasoma Perry "alifungua biashara". (Msomaji, Nakuru)

Hili ndo swali nililokuwa nalisubiri, manake kila mtu analikosea. Perry alirudi Februari 1854 na kundi kubwa zaidi, mkataba ukasainiwa Kanagawa tarehe 31 Machi. Usome wote, biashara huru humo hakuna. Kuna bandari mbili, Shimoda na Hakodate, meli zipate kuni, maji, chakula na makaa ya mawe. Kuna mabaharia waliovunjikiwa meli wasifungwe kama wahalifu. Kuna konseli, yaani mwakilishi wa serikali ya Marekani, wa kukaa Shimoda. Na kitu chochote utakachonunua kinapitia kwa maofisa wa Kijapani. Shimoda yenyewe kibandari kidogo, nyuma milima, nani aende kuuza nini pale? Mmarekani alishapata California, meli zake za mvuke zinataka kuvuka Pasifiki kwenda China na zinakula makaa kama hazina akili, na wawinda nyangumi wake wamejaa bahari ile. Hayo ndo yalikuwa matatizo ya haraka. Biashara ilikuwemo kwenye barua, Wajapani wakaikwepa vizuri tu.

Sherehe zilikuwepo lakini. Wamarekani walileta treni ndogo ya mvuke, robo ya treni ya kweli, wakatandika reli ya duara Yokohama. Behewa dogo halimtoshi mtu, basi ofisa mmoja wa Kijapani akapanda juu ya paa, akang'ang'ania kingo, joho linapepea, anazungushwa anacheka. Wajapani wakajibu kwa kuleta wacheza sumo wanabeba magunia ya mchele kama mito ya kulalia.

Aliyeleta biashara ni Townsend Harris, mfanyabiashara wa New York, alifika Shimoda 1856 kama konseli, hana manowari inayomsubiri, wenyeji wanamwambia arudi kwao, akaganda. Miaka miwili anabembeleza na kutisha: mnaona Waingereza na Wafaransa wanavyoipiga China? Wakija hapa mtapata masharti mabaya zaidi, saini na mimi kwanza. Tarehe 29 Julai 1858 wakasaini, ushuru ukapangwa kwenye mkataba, Mmarekani akifanya kosa anahukumiwa na konseli wake. Uholanzi, Urusi, Uingereza na Ufaransa wakapata ya kwao mwaka huo huo.

Bandari zilipofunguka 1859 kikawaka. Japani dhahabu kipimo kimoja ilikuwa sawa na fedha vipimo vitano, nje ni kama kumi na tano, basi wafanyabiashara wanakuja na fedha wanabadilisha wanaondoka na dhahabu, hela inazaa mara tatu bila jasho. Serikali ikabadilisha sarafu 1860, bei zikapaa. Ii Naosuke, mkubwa wa serikali ya shogun aliyeruhusu mkataba bila ridhaa ya Mfalme, akauawa Machi mwaka huo nje ya geti la kasri, theluji inaanguka. 1868 utawala wa shogun ukawa umekwisha.

Salaam aleikum. Je, sisi watu wa Unguja tunahusika wapi? (Msomaji, Muscat)

Waaleikum salaam. Mnahusika kuliko mnavyodhani. Kabla ya Perry, Marekani ilimtuma Edmund Roberts, mfanyabiashara aliyewahi kukutana na Sayyid Said Unguja miaka ya 1820. Alisaini mkataba na Siam (saivi ndo Thailand) Machi 1833, kisha na Sayyid huko Muscat tarehe 21 Septemba mwaka huo, ushuru asilimia 5, na 1837 konseli Richard Waters akafika Unguja. Hapo mizinga haikuhitajika, Sayyid alikuwa anaitaka biashara mwenyewe. Safari yake ya pili Roberts alitakiwa afike na Japani, akafa Macau 1836 barua ikiwa haijafika.

Na umeuliza pembeni kama Wajapani walilipiza ile mikataba. Kwa Wamarekani walihangaika kwa mazungumzo mpaka 1911 ndo uwezo wa kujipangia ushuru ukarudi mikononi mwao. Lakini 1876 walipeleka manowari Korea, iliyokuwa imejifungia, wakawasainisha mkataba wa kufungua bandari, na Mjapani akikosa kule anahukumiwa na Mjapani mwenzake.